Papasi wa Mtaa wa Madebe

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na kalamu mfukoni. Nilikuwa nimemaliza darasa la sita katika shule ya misheni, mwandiko wangu ulisifiwa, na barua iliyoniita Bugene ilisema wazi kwamba nimepata kazi Idara ya Afya. Nikajua ni ukarani, nini kingine? Nikamkuta Msaidizi Mkuu wa Afya, Mzee Balthazari, mtu wa Muleba, mrefu, mkavu, Mkatoliki wa kusali rozari hata akiwa njiani. Nikamwamkia. Akanipima kwa macho kuanzia kichwani hadi kwenye viatu.

"Marahaba. Hiyo kalamu ya nini, kijana?"

"Ya kuandikia, mzee."

"Basi iweke vizuri isipotee." Akanikabidhi chekecheo la waya, brashi, sahani nyeupe ya bati na kopo lenye kifuniko. "Vua viatu, uingie nyumba ile pale. Umwamkie mama mwenye nyumba kwanza, maana utamchimbulia sakafu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi ya papasi, na sikuitoka kwa zaidi ya miaka thelathini. Ninyi mabwana afya na mabibi afya wa leo mnamsoma papasi kwenye kitabu, mnafaulu mtihani, yanaisha. Sisi tulimjua kwa sura. Ni mdudu wa jamii ya kupe, ana rangi ya udongo, hana haraka na mtu. Mchana anajificha kwenye vumbi la sakafu na nyufa za ukuta. Watu wakilala anatoka, anauma, anashiba, anarudi vumbini, na aliyeumwa hana habari. Baada ya wiki moja hivi homa inamshika mtu siku tatu nne, inamwachia, anadhani amepona na kwenda shambani, kisha inarudi. Ndiyo homa ya papasi. Mtu mzima inamkondesha, mtoto mdogo inamuua, na mwenye mimba mara nyingi anaipoteza.

Kumtafuta kuna utaratibu. Unachota vumbi mahali patatu: kwenye miguu ya kitanda, karibu na mafiga, na pale ukuta unapokutana na sakafu. Unachekecha, kinachobaki unakimwaga kwenye sahani nyeupe, unaiweka juani. Halafu unangoja, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu papasi akishtuka anajifanya mfu. Anakaa pale kama chembe ya mchanga, na mwenye haraka anamwaga sahani na kuandika kwamba nyumba ni safi. Mzee Balthazari alikuwa akingoja kwa fungu zima la rozari. Mimi Mlutheri nilikuwa naimba moyoni beti tatu za wimbo wa kanisani. Nilipomwambia sijaona kitu, alinijibu, "Nyimbo zenu ni fupi, Elieza. Ongeza ubeti." Nikaongeza, na chembe moja ikaanza kutembea.

Wiki ya kwanza nilitaka kutoroka. Vijana niliosoma nao walikuwa wananiona natoka nyumba za watu nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, wanacheka. Lakini mimi ni mtu wa ubishi tangu zamani. Mama yangu alikuwa akisema nilibisha hata kuzaliwa, mkunga akalala kwetu siku mbili. Kadiri walivyonicheka ndivyo nilivyozidi kung'ang'ania.

Kituo changu cha pili kilikuwa Ihembe na Chonyonyo, nikiwa peke yangu, na baiskeli ya Serikali. Huko ni kwa wakulima wenye vibanja. Kibanja, kwa msomaji asiye wa kwetu, ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Humo mtu anazaliwa na humo anazikwa. Nilipokewa vizuri mno. Nyumba zilikuwa zimetandikwa majani mabichi sakafuni, yananukia, na kabla sijatua mkoba naletewa kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama ilivyo heshima ya mgeni. Sasa wewe kijana wa miaka ishirini na kitu, umepewa kahawa na mzee wa heshima, utamwambia nini? Inuka nikuchimbulie sakafu? Nilikagua choo, nikakagua karo, nikasifu migomba, nikatia alama ya vema kwenye daftari nikaondoka. Nyumba nyingi sana za huko sikuzichekecha. Shika hilo.

Vita vya pili vilipokwisha na vijana wetu kurudi kutoka Burma, nilihamishiwa upande wa Kyerwa, kwenye centa ya maduka iliyokuwa chini ya migodi ya bati. Nyuma ya maduka kulikuwa na Mtaa wa Madebe. Uliitwa hivyo kwa kuwa mapaa na nusu ya kuta zake yalikuwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Nyumba arobaini na moja zilibanana kiasi kwamba ukikohoa, jirani anakwambia pole. Humo waliishi wachimbaji kutoka Ruanda na Urundi, Wanyambo wa kwetu waliokosa urithi, wapagazi, na wajane waliofukuzwa na mashemeji. Chumba kimoja kililaza wanaume wa zamu mbili: wa usiku akirudi, wa mchana anaondoka, kitanda hakipoi. Choo kilikuwa kimoja kwa mtaa mzima na sitakieleza, huenda mtu anasoma huku anakula.

Kwetu mtu ni kibanja. Asiye nacho, hata avae suti, watu watamwuliza kwa upole, "Wewe ni wa wapi hasa?" Mtaa ule wote ulikuwa wa watu wa kuulizwa swali hilo. Wakulima wa jirani walikuja kunywa rubisi pale, maana pombe ya ndizi ya Mtaa wa Madebe ilikuwa haina mpinzani, lakini binti yao akipendwa na kijana wa mtaani walimfungia ndani.

Rubisi hiyo hodari wake alikuwa Bibi Leokadia. Alikuwa mjane wa Kihaya, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha, na ingawa hakuna aliyemchagua, ndiye aliyekuwa akiamua ugomvi wa mtaa. Mumewe alipokufa, mashemeji walimpa siku tisa awe ametoka kwenye kibanja. Akatoka na binti yake Adelina na chungu kimoja. Adelina alikuwa ameolewa na mchimbaji wa palepale, kijana wa tatu kwa baba yake, ambaye kibanja cha nyumbani hakikumfikia. Waliishi wote nyumba moja. Adelina alikuwa ameshapoteza mimba mbili, na nilipofika kiangazi kile alikuwa na ya tatu, bado changa. Bibi Leokadia hakuwa na ndugu mwingine duniani. Aliitazama mimba ile, akihesabu miezi kwa vidole, mpaka nikamwonea huruma.

Nilichekecha nyumba zote. Hakuna hata moja iliyosalimika. Ya Bibi Leokadia peke yake ilijaza kopo langu. Nikaandika ripoti, na baada ya majuma machache Bwana Afya wa Wilaya akaja kwa motokaa kutoka Bukoba. Alikuwa Mzungu mwekundu, mwenye miguu mirefu, mtu wa haki kwa namna yake, ila Kiswahili chake kilikuwa cha kupigia boi kelele. Alitembea mtaa wote. Akarudi kwenye gari.

"Elieza, mtaa hii mbaya kabisa. Iko dawa moja tu. Kiberiti."

"Watu watakwenda wapi, Bwana?"

"Kwao."

"Bwana, hapa ndipo kwao."

Akaniambia Mwami wa Gombolola, yaani mtawala wa eneo lile chini ya Mukama, mfalme wetu, ameshakubali, na wenye maduka wameshakubali. Wasioulizwa ni wenye nyumba tu. Nikamwomba anipe muda mpaka mvua za vuli ziishe, ning'oe sakafu zote na kuzijenga upya.

"Na kama mimi kuja, mimi kupata papasi moja?"

"Mmoja tu akiwa hai, Bwana, leta kiberiti. Na mimi unifukuze kazi."

Akainua kidole kimoja mbele ya uso wangu. "Moja," akasema, akaondoka. Nilibaki pale barabarani nikijiuliza ni shetani gani aliyenituma, lakini neno likishatoka limetoka.

Jumapili, watu walipotoka makanisani, niliwakusanya mtaani nikawaeleza. Mchimbaji mmoja akasema mimi ni kibaraka, naishi nyumba ya Serikali huko juu, nitajua nini. Alisema kweli. Kesho yake nikahamia Mtaa wa Madebe, chumba cha mwisho karibu na kile choo. Haikupita wiki mbili papasi wakanilaza. Homa ilinipiga mpaka nikamwita marehemu baba yangu kwa jina. Bibi Leokadia aliniletea uji siku zote zile, na nilipoweza kukaa akaanza kunitania.

"Bwana Papasi, wenyeji wamekukaribisha."

"Mbona ninyi hamwumwi hivi?"

"Sisi wanatujua. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wageni ndio wanaokufa."

Nikacheka, nikanywa uji. Sikumwuliza zaidi, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Nilikuwa na elimu ya kuchekecha vumbi; ya kusikiliza sikuwa nayo.

Nilipopata nguvu tukaanza kazi. Kila sakafu ilichimbwa kina cha dhiraa moja, udongo wake ukabebwa kwa karai hadi bondeni. Tukaleta udongo wa vichuguu, ambao ukishindiliwa vizuri unakuwa mgumu na haupasuki. Wachimbaji ambao haikuwa zamu yao walishindilia kwa magogo, wakipokezana kuimba, Kinyarwanda nyumba hii, Kirundi nyumba ile. Wanawake walifuata na mavi ya ng'ombe na majivu, wakilainisha kwa viganja. Kuta zikazibwa nyufa. Vitanda vilianikwa juani siku nzima, kamba zake zikachemshwa kwenye mapipa ya rubisi, mpaka Bibi Leokadia akalalamika kwamba pombe yake itanuka jasho la wanaume. Tukachimba vyoo sita. Yule mchimbaji aliyeniita kibaraka alishindilia sakafu tano peke yake na hakuniomba radhi, wala mimi sikutaka aniombe. Vuli ilipoanza kunyesha, nyumba ya mwisho ilikuwa imekauka. Nilichekecha zote arobaini na moja, nikangoja beti tano kwa kila sahani. Hakuna kilichotembea.

Zilibaki siku kumi Bwana Afya aje. Nikapita tena kwa kujiridhisha, na nyumbani kwa Bibi Leokadia nikamkuta mmoja kwenye kamba za kitanda cha Adelina. Alikuwa hai, mnono, ameshiba damu. Sakafu ile niliishindilia mwenyewe. Nikaitambaa yote kwa magoti na sikuona hata ufa wa kupitisha uzi. Ndipo nilipoinua macho nikaona kibuyu kidogo kimening'inizwa nyuma ya kitanda, kimezibwa kwa jani la mgomba lililokauka. Nikakitikisa. Ndani kulikuwa na udongo. Nikamwaga kidogo kwenye sahani, nikaitoa juani, na sikuhitaji hata ubeti mmoja.

Bibi Leokadia alikuwa uani anakamua ndizi. Nikamwekea sahani mbele yake.

"Mama, hiki nini?"

Hakukana. Alifuta mikono kwenye kanga taratibu. "Ni wa nyumba ya zamani. Niliwatoa kabla hamjachimba."

"Unajua tukikutwa na mmoja mtaa wote unachomwa?"

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu ya huyu atakayezaliwa." Akaelekeza kidevu ndani, alikokuwa Adelina. "Umetujengea nyumba isiyo na papasi, asante. Mtoto atakua humu hawajui, nao hawamjui. Halafu? Mtoto wa watu wasio na kibanja hulala kila mahali, mwanangu. Leo kwa huyu, kesho kambini, keshokutwa njiani. Siku moja atalala kwenye nyumba yenye papasi usiku mmoja tu, na atakufa. Wewe mtu mzima mwenye misuli ulimwita baba yako."

Kumbe walikuwa wakimwachilia mmoja mmoja kitandani, anauma ili mwili umzoee, wanamrudisha kibuyuni. Huyo mmoja aliwaponyoka. Na hakuwa Bibi Leokadia peke yake. Nusu ya wanawake wa mtaa walikuwa na vibuyu, waliotoka Ruanda walikuja navyo kutoka kwao. Walivihamisha nyumba hadi nyumba, kama tunavyohamisha moto. Mimi niliishi nao miezi mitano na hakuna siku niliyowauliza wanahofia nini.

Nilikasirika, sitadanganya. Nilitaka kukivunja kile kibuyu kwa kisigino. Lakini nikakaa chini kwenye gogo la kukamulia, nikajilazimisha kusema polepole.

"Mama, mimba mbili za Adelina zilitokea nyumba gani?"

"Hii hii."

"Na papasi hawa wanaomjua, walikuwa wapi?"

Aliinama akaanza tena kukamua, akaacha. Adelina alikuwa ametoka mlangoni, ameshika kiuno, na alikuwa amesikia yote. Yeye ndiye aliyesema, "Mama, nipe." Akakichukua kibuyu mikononi mwangu, akakitia chini ya pipa lililokuwa likichemka.

"Na hizo nyumba nyingine?" Bibi Leokadia akaniuliza. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Atakapolala huko?"

Alikuwa amesema kweli, na mimi nilikuwa nimesema kweli, na kweli hizo mbili hazikukaa nyumba moja. Nikamwambia, "Nitazifuata, mama. Zote." Jioni ile wanawake walileta vibuyu vyao wenyewe, Bibi Leokadia akisimama pale akiviangalia kimoja kimoja vikiingia motoni.

Katika daftari la ukaguzi sikuandika habari ya kibuyu. Kanuni ilinitaka niandike, na mwandiko wangu nimeshasema ulisifiwa. Sikuandika, leo naandika. Bwana Afya alikuja, akavua koti, akachekecha kwa mikono yake mwenyewe kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Alichagua nyumba kumi na mbili, na ya Bibi Leokadia ikiwemo. Alijua kungoja, hilo nampa. Mwisho akapiga magoti akakwangua sakafu kwa kisu chake cha mfukoni, kisu kikateleza. Akaniangalia.

"Elieza, wewe kichwa ngumu."

"Ndiyo, Bwana."

Kiberiti kikarudi Bukoba. Mwezi uliofuata Adelina akajifungua mtoto wa kiume aliyetimia, akalia. Bibi Leokadia alimwita Mugisha, yaani baraka, na mtaa ule ulikunywa rubisi mpaka wachimbaji wakachelewa zamu. Mimi Mlutheri pia sikubaki nyuma.

Niliendelea kukaa Kyerwa. Nilipanga ratiba ya vijiji, nikaanza na vilivyo karibu na mtaa, kambi za wachimbaji, nyumba za kupumzikia wasafiri, kila mahali nilipodhani mtoto wa Mtaa wa Madebe anaweza kulala. Dawa ya unga ilikuwa imeingia, ile nyeupe ya kunyunyiza, kazi ikawa nyepesi kidogo. Upande wangu wa zamani, Ihembe na Chonyonyo, niliuacha nje ya ratiba. Huko nilikuwa nimeshakagua, na daftari lilikuwa na alama za vema tupu.

Mugisha alipokuwa na miaka minne, baba yake alimpeleka kwao akamsalimie bibi yake mzaa baba. Sitaitaja nyumba ile. Ilikuwa kwenye kibanja kikubwa, na sakafu yake ilitandikwa majani mabichi. Mtoto alilala siku mbili, akarudi mtaani ana furaha, amebeba kuku. Wiki moja baadaye homa ikamshika. Ikamwachia. Iliporudi mara ya pili hakuimaliza.

Nilipata habari nikiwa kijijini, nikaendesha baiskeli sikumbuki vipi. Watu walikuwa wamejaa uani. Bibi Leokadia alikuwa amekaa chini, na nilipopiga magoti mbele yake alinishika mkono.

"Mwanangu, ile nyumba ulikuwa hujaifikia?"

Ningeweza kusema ndiyo, sijaifikia, vijiji ni vingi, mimi ni mmoja. Watu wote wangeniamini.

"Niliifikia, mama. Zamani, kabla sijaja huku. Nilitafuna kahawa yao. Sikuchekecha."

Kisha akaniachia mkono. "Basi inuka," akasema, "ukachekeche."

Nilikwenda siku ya tatu baada ya maziko. Mzee mwenye nyumba aliniletea kikapu cha kahawa, nikakipokea kwa mikono miwili, nikakiweka chini, nikamwambia, "Baba, nisamehe, leo nimekuja kuchimba." Nilikusanya yale majani mazuri, nikayatoa nje. Vumbi lililokuwa chini yake lilijaza sahani yangu mara ya kwanza tu. Mzee yule alisimama akitazama sahani inavyotembea, na alipoelewa alikaa chini pale pale kwenye udongo. Tulikuwa tumeutazama Mtaa wa Madebe sote wawili, yeye na mimi, tukiona uchafu, kumbe tumeukalia.

Mwaka ule Bwana Afya aliniandikia kwamba kuna nafasi ya Msaidizi Mkuu, mezani, Bukoba. Nikamjibu kwamba naomba nirudishwe Ihembe na Chonyonyo, na chekecheo jipya. Alidhani nimerukwa na akili, lakini alikubali. Nilianza kijiji cha kwanza, nyumba ya kwanza, nikaenda hadi ya mwisho. Wako walionifukuza. Wako walioniambia kwamba mimi nimekaa mno na watu wa madebe mpaka nimepoteza adabu. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Kumbe ubishi wangu ulikuwa na kazi yake. Uhuru ulinikuta nimepiga magoti kwenye sakafu ya mtu, na miaka mingi baada ya uhuru nilistaafu nikiwa na cheo kilekile nilichoanza nacho Kyerwa. Magoti haya hayakunjiki tena kanisani, nasali nimekaa.

Mnaniuliza kama najuta. Najuta kila siku. Huwa nawaza kwamba lau tungekiacha kile kibuyu pengine Mugisha angeishi, kisha nawaza kwamba pengine asingezaliwa kabisa, na hapo kichwa kinagoma. Ninachowaambia vijana wa kazi hii ni kimoja: mtu akiwa na desturi mnayoiona ya kipumbavu, kaeni chini mmwulize anamwogopea nani. Na nyumba iliyo safi machoni mwenu, hiyo ndiyo mchekeche mara mbili.

Adelina alizaa tena, binti, wakamwita Kemilembe. Amekua, ameolewa na mwalimu wa Bugene. Mwaka jana alipita kwangu akiwa na mtoto wake wa kwanza, wa miezi mitano, njiani kwenda kwa mama yake. Mvua ikawazuia, ikabidi walale. Mke wangu akatandika kitanda cha wageni, akapokea mtoto amlaze.

"Bibi, samahani," Kemilembe akasema. Akanigeukia mimi. "Shikamoo tena, babu. Nyumba hii imechekechwa lini?"

Mke wangu akashtuka. Akamwambia kwamba hii ni nyumba ya Bwana Papasi mwenyewe, wilaya nzima inalijua hilo.

"Najua, bibi. Ndiyo maana nimeomba samahani."

Nilihesabu kichwani. Tangu kiangazi cha mwaka wa nyuma, kwa sababu ya magoti. Nikamwambia hivyo. Akamwachia mke wangu mtoto, akaniomba chekecheo na sahani, akaniambia nitoke nje kidogo nisimsonge. Nikatoka. Maisha yangu yote watu walikuwa wakisimama uani wakiningoja mimi nimalize. Siku ile nilisimama uani kwangu, mvua ikinidondokea kutoka kwenye paa, namwomba Mungu Kemilembe asipate kitu. Kwa kuwa jua halikuwepo aliiweka sahani karibu na jiko, akangoja. Alijua kungoja kuliko sisi wote.

Hakupata kitu. Kisha akamwaga sahani, akarudi akachota tena, maana jina langu halikumtosha.